Chini ya Mbabula ya Jirani

Kanisani kwetu hapa Manika, mjini Kolwezi, mtu akisimama kushuhudia, watu hujiweka tayari kusikia habari za ugonjwa ulioshindikana hospitalini, za pombe, za ndoa iliyovunjika ikaungana tena. Siku niliyosema kwamba Mungu alinitoa gizani kwa njia ya pembetatu, mama mmoja wa kwaya alicheka mpaka akajifunika kitenge usoni. Sikumlaumu. Lakini sina ushuhuda mwingine ulio mkubwa kuliko huo, basi nauandika ulivyokuwa, kwa ajili ya yeyote aliyekaa pale nilipokuwa nimekaa mimi.

Nilizaliwa Kolwezi, mji wa Kongo ulioanzishwa mwaka 1937 kwa sababu ya shaba iliyoko chini yake. Baba alikuwa mtu wa mgodini. Kazi yake ilipokwisha, nyumba yetu ilibadilika, nami nilisoma kwa kurukaruka mpaka mwaka wa nne wa sekondari. Hesabu zilikuwa zimeanza kunishinda zamani kidogo, tangu zilipoacha kuwa hesabu za vitu zikawa za herufi. Kanuni ya Pythagoras tulifundishwa kwa Kifaransa. Niliikariri neno kwa neno, na hadi leo naweza kuitamka bila kuvuta pumzi. Tulikariri pia KASOTOA, ile ya kukumbushia kosini, sini na tanjenti. Nilijua maneno yote. Ila ukinipa mchoro wa pembetatu yenye pembe mraba na kuniambia nitafute upande mmoja, nilijumlisha namba zilizokuwepo na kuomba jibu liwe sawa. Upande mrefu unatafutwa, nilijumlisha. Upande mfupi unatafutwa, nilijumlisha vilevile.

Niliacha shule. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema niliacha kwa kukosa karo, na ni kweli karo ilikosekana. Nisichokuwa nikisema ni kwamba baadaye mjomba alijitolea kulipa, nami sikurudi. Niliogopa kuitwa ubaoni.

Mwaka 2014 habari zilienea kwamba Kasulo, mtaa wa watu tu hapa Kolwezi, wenye nyumba na vioski na makanisa, umekaa juu ya kobalti. Inasemekana mtu alikuwa akichimba choo, akakutana na jiwe jeusi la heterojenite. Baada ya hapo watu walichimba uani, wakachimba sebuleni, wakachimba chini ya kitanda, midomo ya mashimo ikifunikwa kwa maturubai ya rangi ya chungwa. Nami nilikwenda. Kila shimo lina mkubwa wake, tunamwita pedeje, ndiye anayetoa pesa za kamba, za chakula na za pampu ya hewa. Pedeje wetu alipoambiwa kwamba nimefika mwaka wa nne wa sekondari, alinikabidhi daftari na kamba. Nikawa msomi wa timu. Wenzangu walishuka na nondo na nyundo. Mimi nilishuka kupima na kuandika.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa hatari, kwa sababu sasa watu waliuamini.

Shimo letu lilishuka wima mita 12. Kisha mshipa wa madini ukalala mshazari, nasi tukaufuata. Nilifunga mafundo kwenye kamba kila mita moja, na siku moja kamba ilionyesha tumekwenda mita 17 ndani ya handaki lile la mshazari. Nikajumlisha: 12 na 17, 29. Nikamwambia pedeje tuko mita 29 chini ya ardhi, tumebakiza moja, maana wachimbaji wa mikono hawaruhusiwi kuvuka mita 30. Akauliza jambo la pili, ambalo kwa kweli ndilo lililomkosesha usingizi: bado tuko chini ya parseli yetu? Nikamjibu pale pale kwamba hatuendi kando, tunashuka. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Naikumbuka sauti hiyo kuliko ninavyokumbuka namba zenyewe.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi mzee mmoja aliyekuwa mpimaji wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tangu miaka ya 1970, katika machimbo makubwa ya wazi, yale yenye kuta zilizokatwa ngazi kwa ngazi mpaka chini. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba sakafu ya jiko inagongwa kutoka chini. Jirani mwingine wa Kasulo angekuja na polisi, au angekuja kudai fungu lake la magunia. Yeye alikuja na dira, kipimapembe cha bati, uzi, na nati moja nzito.

"Nani anapima hapa?"

Wote wakanitazama mimi.

"Kamba ngapi?"

"Kumi na saba, papa."

"Na mteremko?"

Sikuelewa swali. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mutoto, uko napima kamba. Hauko napima udongo."

Akafunga nati kwenye uzi, akaufunga uzi katikati ya ule ubavu ulionyooka wa kipimapembe. Akanielekeza nishuke, nisimamishe ubao kwa ubavu juu ya sakafu ya handaki, nishikize kipimapembe kwenye uso wa ubao huku ukingo wake ulionyooka ukifuata ubavu wa juu, niache nati ining'inie, kisha nisome uzi umekatisha wapi. Kama ubao ungekuwa umelala sawa, uzi ungekaa kwenye 90. Niliukuta kwenye 60. Nilisoma pia dira kama alivyoniagiza, nikapanda.

Akachora udongoni kwa kijiti. Mstari wa mshazari, mita 17: hiyo ndiyo kamba yangu. Mstari wa wima: kina tulichoongeza. Mstari uliolala: jinsi tulivyosogea kando. Pale wima na mlalo vilipokutana akaweka alama ya pembe mraba. Akasema uzi ukikaa 60, mteremko ni nyuzi 30, na katika pembetatu hii upande unaotazamana na nyuzi 30 ni nusu ya ule mrefu. Kwa hiyo tumeshuka mita 8.5 tu. Kina chote ni 20.5, si 29.

Niliona nafuu. Alikuwa hajamaliza. Akazidisha 17 kwa 17, akapata 289. Akazidisha 8.5 kwa 8.5, akapata 72.25. Akatoa. Narudia: akatoa. Zikabaki 216.75. Akaandika 14.7.

Uzio ulikuwa mita 9 kutoka mdomo wa shimo. Akanishikisha ncha ya utepe wa kupimia pale shimoni, akatembea akifuata dira mpaka uzio, tukazunguka langoni, tukaendelea na mita zilizobaki ndani kwake. Utepe uliishia jikoni, kwenye mbabula, jiko lao la makaa, na mama alikuwa amepiga magoti anasonga bukari, ugali wetu. Akamwuliza mumewe anatafuta nini na utepe kwenye moto wake. "Nakuonyesha wageni wako," mzee akasema, akionyesha chini.

Alitutaka tusimame na tulijaze handaki kwa magunia ya udongo. Pedeje alikasirika, akakubali, tukaanza kesho yake. Kabla hatujafika mbali mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri dari la handaki, upande ule wa mwisho, lilishuka. Sakafu ya jiko ilididimia kina cha goti na mbabula ikapinduka. Wenzangu wanne walikuwa wawe ndani tangu saa kumi na moja. Walikuwa wamechelewa kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyeumia. Sijawahi kupata maelezo ya kwa nini mvua ilikuja usiku ule na si mchana uliotangulia. Wakati wote ule mimi ndiye niliyekuwa nimeandika kwenye daftari kwamba tuko salama.

Nilikwenda kumwomba mzee radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa deni la jiko. Alinisikiliza, akaniambia nisaidie kushindilia sakafu, kisha: "Kesho jioni ukuje na daftari." Ndiyo adhabu pekee niliyopewa.

Masomo yalikuwa kwenye baraza yake. Jioni ya kwanza nilimtamkia kanuni kwa Kifaransa, yote, nikijua atafurahi. Aliniuliza kwa nini iko hivyo. Nilimwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akaingia ndani, akarudi na boksi la biskuti na mkasi wa mama.

Alikata pembetatu nne zilizolingana kabisa, kila moja na pembe yake mraba. Akachora mraba mkubwa ambao ubavu wake ulikuwa urefu wa pande mbili fupi za pembetatu zikiungwa pamoja. Akaziweka pembetatu nne kwenye kona nne za mraba ule. Katikati pakabaki nafasi wazi, nayo ilikuwa mraba uliokaa kishazari. Kila ubavu wake ni upande mrefu wa pembetatu. Akaniambia niutazame vizuri. Kisha akazisogeza pembetatu zilezile: mbili akaziunga zikawa mstatili kwenye kona moja, mbili akaziunga zikawa mstatili kwenye kona inayotazamana nayo. Nafasi iliyobaki sasa ilikuwa miraba miwili midogo: mmoja umejengwa juu ya upande mfupi, wa pili juu ya upande wa kati.

"Boksi halikuongezeka," akasema. "Mraba mukubwa haukuongezeka. Sasa ile nafasi ya kwanza imeenda wapi?"

Nilizirudisha pembetatu mwenyewe. Nikazipanga tena. Nikazirudisha. Mraba wa upande mrefu ulikuwa umegawanyika mbele yangu ukawa miraba ya zile pande mbili, bila herufi hata moja, na mama alituletea chai ikapoa. Ni hapo nilipoelewa pia kwa nini nilipaswa kutoa kila mara upande mrefu unapojulikana na mfupi unapotafutwa: ukiutoa mraba mmoja mdogo kutoka kwenye nafasi kubwa, unabaki na mwenzake. Miaka yote ile sikuwa na ubongo mbovu. Nilikuwa nimebeba maneno kama mtu abebaye funguo za nyumba ambayo hajawahi kuonyeshwa mlango wake.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Sini na kosini zilinitesa, kwa sababu upande wa "karibu" hubadilika ukibadilisha pembe unayoitazama, nami nilitaka kila upande uwe na jina moja la kudumu. Nilichanganya. Nilichoka. Kuna kipindi niliacha kwenda kabisa, nikijiambia nimeshapata cha kunitosha, na kwa kweli nilikuwa naona haya kukosea mbele ya mtu ambaye sakafu yake niliibomoa. Alimtuma mjukuu wake, binti wa shule ya msingi, akasimama mlangoni kwangu na kusema babu anauliza kama daftari limekwisha nikanunuliwe jingine. Ukisikia mahubiri juu ya neema, wengine hufikiria nuru kutoka juu. Mimi humfikiria mtoto yule na ndala zake za vumbi.

Kuchimba niliacha, nikaingia kwenye ujenzi kama msaidizi wa mwashi. Kule nilikuta kwamba mafundi wanatumia jambo hilohilo bila kulitaja jina: wanapima mita 3 upande huu wa msingi, mita 4 upande ule, na kamba ya kuunganisha ikiwa mita 5 kona ni mraba. Wanajua 3, 4, 5. Wengi hawana lingine. Nyumba kubwa ikija, kosa dogo la kona ya mita 3 hukua likifika mwisho wa ukuta, na mabati ndiyo hulisema. Siku moja tulikuwa na nyumba ya mita 9 kwa 7 na fundi alitaka kuhakikisha mshazari wote, kona hadi kona. 81 na 49 ni 130. Simu zote zilikuwa hazina umeme. Mzee alikuwa amenifundisha kutafuta kipeuo kwa mkono: kisia 11, gawanya 130 kwa 11, unapata 11.82, chukua katikati ya hizo mbili, 11.41. Jibu la kweli ni 11.40 na ushee, nasi tulikuwa tumekosea chini ya sentimita moja. Njia hiyo iliandikwa na Heron wa Alexandria katika karne ya 1. Fundi aliniuliza nimesoma chuo gani. Nikamwambia Kasulo.

Baadaye nilihamia kwenye paa, na huko ndiko nilikobaki. Paa ni pembetatu mbili zilizopeana migongo. Nyumba ina upana wa mita 8, mwenye nayo anataka kilele cha mita 1.5: nusu ya upana ni 4, mraba wake 16, 1.5 mraba wake 2.25, jumla 18.25, boriti ya mshazari ni mita 4.27, ongeza nusu mita ya kutokeza nje ili mvua zetu za Novemba zisiloweshe ukuta. Najua urefu wa mbao kabla sijapanda juu. Zamani tulikata kwa kubahatisha, tukapoteza mbao za mtu, tukamwambia ni za kiwango duni.

Wakazi wa sehemu ya Kasulo walipohamishwa mwaka 2017 na eneo likazungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, mzee alihamia upande wa Dilala. Aliniambia nisijifiche nyuma ya paa, nijiandikishe kufanya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kujisomea. Nilianguka. Nilirudia. Nilipofaulu, mke wangu na watoto walinimwagia pudra nyeupe kichwani barabarani, kama wanavyofanyiwa vijana wa miaka kumi na minane, nami nikiwa na mvi za kwanza. Kwa bahati hazikuonekana.

Kilichonitia moyo kipindi hicho cha kurudia ni habari mbili nilizosoma. Ya kwanza: huko Babeli, yapata miaka 1,800 kabla ya Kristo, mtu aliandika kwenye bamba la udongo orodha ya namba za pembetatu za aina hii, zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa. Bamba hilo liko Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ya pili ni ya mwaka 2023. Wasichana wawili weusi wa sekondari kutoka New Orleans, Calcea Johnson na Ne'Kiya Jackson, walisimama mbele ya wanahisabati Marekani na kuonyesha uthibitisho mpya wa kanuni hiyo kwa njia ya trigonometria, njia ambayo kitabu kimoja maarufu kilikuwa kimesema haiwezekani. Mwaka uliofuata kazi yao ilichapishwa katika jarida la wanahisabati. Nilimsomea mzee habari hiyo, maana macho yake yameanza kumwacha. Aliniomba nimtafutie mchoro wao. Tulikaa nao siku nyingi, na sehemu moja bado hatujaielewa, mimi wala yeye.

Jumamosi jioni vijana huja barazani kwangu. Wengine ni wanafunzi, wengine ni wachimbaji wenye vumbi la kijivu kwenye kope. Huanza na boksi la biskuti na mkasi, wote, hata wale waliokwishapata alama nzuri shuleni. Kama wewe unayesoma uliacha hesabu kwa sababu ya ubao, au kwa sababu ya karo ambayo baadaye ilipatikana, huhitaji kuja na kitu zaidi ya daftari. Kikokotoo ukiwa nacho kilete. Usipokuwa nacho tutatumia njia ya Heron.

Juzi alikuja mmoja ambaye ni msomi wa timu yake. Kamba mita 22 za mshazari, akasema, na alijisifu kwamba kina ni 22. Nilimpa kipimapembe chenye nati, akarudi na mteremko wa nyuzi 40. Tulipiga hesabu pamoja: wameshuka mita 14 na kidogo, na wamekwenda kando karibu mita 17. Aliuliza kando kuelekea wapi. Hakuwa amesoma dira. Jumamosi ijayo ataleta mwelekeo, ndipo tutoke na utepe tukatazame ni jikoni kwa nani.